Mstari wa Chaki na Gurudumu la Nyuma Kulia

Jumatatu, 4 Machi

Ifahamike kwa wote watakaolisoma daftari hili, yaani mimi na panya wa droo ya chini, kwamba leo saa tatu na nusu asubuhi mpaka rasmi umechorwa katikati ya gereji yetu. Ni wa chaki nyeupe, unaanzia mlango mkubwa hadi kwenye sinki, na umepinda kidogo pale mchoraji alipolazimika kuuzunguka mguu wangu. Kushoto ni tairi. Kulia ni umeme. Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Mchoraji ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Presha kwa sababu anajaza upepo kwenye tairi, na pia kwa jinsi mishipa ya shingo inavyomsimama. Mimi ni fundi umeme wa magari, miaka hamsini na miwili, na kitambi changu ndicho kinachotangulia kuingia chini ya dashibodi. Gereji aliiacha marehemu baba mkwe. Sasa ni ya mama mkwe, anayekaa vyumba viwili nyuma ya ukuta na anayesikia kila kitu, hata tusichosema.

Chanzo cha mpaka ni hiki. Wiki iliyopita niliazima kipimo cha upepo cha Shemeji nikakiangusha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kilikuwa cha baba yake. Niliomba radhi, lakini niliiomba huku nacheka, na nafikiri hapo ndipo nilipoharibu. Tangu siku hiyo hatuongei. Linalobidi kusemwa linaandikwa kwenye ubao mweusi wa karibu na mlango, ule ambao mzee alikuwa anapangia kazi za siku. Mimi sigusi tairi zake, yeye hagusi gari lenye taa inayowaka.

Daftari hili nimepewa na mke wangu. Amesema hasira zangu nizimalizie humu, siyo mezani kwake. Sasa hivi amesimama nyuma yangu ananicheka: eti hata nikiandika midomo inatembea, na nikisoma ndiyo kabisa, nafanana na mbuzi anayetafuna.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Kila mvua zinapoanza wateja hutaka magurudumu yahamishwe, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, tairi ziishe sawasawa. Ni kazi ya Shemeji. Kutwa nzima anafungua na kufunga huku anapiga mluzi, wimbo mmoja, mstari mmoja, na kwenye huo mstari anakosea palepale kila mara.

Mkunga wa kituo cha afya aliacha gari lake asubuhi, akalichukua saa kumi.

Mchana ubao ulikuwa umejaa mwandiko wa Shemeji. Nimeufuta bila kusoma. Nilihitaji nafasi ya kumwandikia kwamba nyaya zangu si kamba ya kuanikia matambara.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Matambara bado yako kwenye nyaya.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Nimeyaondoa matambara mwenyewe, nikayatupa upande wa tairi. Yamerudi upande wa umeme yakiwa yamelowa.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe alituita kibarazani kwake, mmoja mmoja, kama daktari. Kwangu alisema taratibu, na akisema taratibu ujue maji yamezidi unga. Wateja wawili wamemuuliza kama gereji imegawanywa. Amechoka kusikia ukimya wetu kupitia ukuta, na mvua zikiisha mmoja wetu atabaki na ufunguo wa geti, mwingine akatafute pa kununia. Hakusema nani. Nilirudi nikamkuta Shemeji anafagia upande wake mpaka ukingoni mwa mstari, vumbi lote likaishia kwangu.

Nakiri nilianza leo kuhesabu makosa yake. Nina kurasa mbili za mwisho wa daftari kwa kazi hiyo.

Jumanne, 19 Machi

Leo Mungu amenikumbuka. Mkunga amerudi na taa.

Ni ile taa ya njano ya upepo wa tairi, inayofanana na chungu kilichokatwa ubavuni kikawekwa alama ya mshangao ndani. Gari la mkunga ni la kisasa: ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu, kuna sensa ndogo kama kibiriti inayopima upepo na kulirushia gari habari. Kila sensa ina namba yake, na gari linajua namba ipi inakaa kona ipi. Nikachomeka mashine yangu. Nyuma kulia, ikasema, upepo ishirini na sita. Kona nyingine zote thelathini na tatu.

Kupima upepo si kazi yangu. Lakini ninacho kipimo changu kidogo kama kalamu, nilichonunua baada ya mambo ya ndoo, nikakivusha mpaka kwa ujasiri mkubwa nikalipima hilo gurudumu la nyuma kulia. Thelathini na tatu. Gurudumu zima, sensa inasema limepungua. Basi sensa inadanganya. Na sensa haianzi kudanganya yenyewe. Kuna mtu alikuwa nayo juzijuzi akiipigapiga kwa vyuma vyake.

Sikupima magurudumu mengine matatu. Ningeanza kupima kila kitu ningeonekana nimefanywa msaidizi wa tairi. Na yeye, mkunga alipomwomba atupie jicho, alinyanyua mikono kama aliyeelekezewa bunduki. Alimwambia taa ni umeme, dada, na umeme uko kule kulia.

Mkunga ni mwanamke wa maneno machache, viatu vyake vyeupe siku zote. Aliniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia naagiza sensa mpya, wiki mbili. Ukurasa wa makosa umepata mstari wa kwanza wenye uzito.

Jumatano, 20 Machi

Nimeandika ubaoni: SENSA YA MKUNGA IMEVUNJWA WAKATI WA KUFUNGUA TAIRI. Kwa herufi kubwa, mama mkwe aone akienda dukani. Ameona. Shemeji naye ameandika chini yake: SIJAVUNJA. Nikaandika: NANI BASI, MIMI? Akaandika: ULIZA KIPIMO CHA MZEE.

Mke wangu hakunisemesha wakati wa chakula. Baadaye akasema tu kwamba kaka yake ana mambo mengi, ila tangu wakiwa wadogo hajawahi kuvunja kitu akakataa. Nikamwambia kila mtu ana siku yake ya kwanza. Alichukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Jumatano, 27 Machi

Mkunga kapitia. Kila taa ikiwaka anasimama kwenye kituo cha mafuta na kuongeza upepo gurudumu la nyuma kulia, na mashine bado inasema limepungua, sasa ishirini na tatu. Nikamwambia unaona, sensa imekufa kabisa. Akasema pia gari linavuta kushoto kwenye mteremko wa kwenda kituoni. Nikamwambia kuvuta ni mambo ya magurudumu, amuulize aliye kushoto mwa mstari. Shemeji akamwambia akishazimiwa taa amletee. Mkunga alisimama katikati, mguu huku na mguu kule, akatutazama kwa zamu. Kisha akaondoka.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua ya mawe. Paa linavuja juu ya mstari kamili, sasa hakuna anayekubali kuweka ndoo.

Jumatano, 3 Aprili

Sensa mpya imefika. Kuibadilisha kunahitaji tairi ichomolewe kwenye rimu, na hiyo ni kazi ya yeye ninayemchukia. Nikaandika ubaoni ombi rasmi. Alikuja, akalichomoa gurudumu la nyuma kulia, akaliweka juu ya mstari, nusu kwake na nusu kwangu, akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono.

Nikaitoa sensa ya zamani. Haikuwa na ufa, haikuwa hata na mkwaruzo. Nikasema kwa sauti, nikiiambia sensa, kwamba imekufa kwa ndani. Nikaitupa kwenye droo ya chini, kwa panya.

Sensa mpya huja tupu, unaiandikia namba ya ile iliyotoka ili gari lisijue kuna mgeni. Namba unaisoma kwenye sensa ya zamani, ukitaka uhakika, au unaichukua kwenye kumbukumbu ya gari, ukiwa na haraka na chuki. Niliichukua kwenye gari.

Tukafunga. Nikawasha. Nyuma kulia ikasoma thelathini na tatu, nikakaribia kupiga makofi. Halafu ikasoma ishirini na mbili. Halafu thelathini na tatu tena. Na kona ya mbele kushoto, iliyokuwa nzima miaka yote, haikusoma chochote. Vistari viwili tu.

Nikamgeukia Shemeji. Nikasema, kwa mdomo, mbele ya mkunga na mama mkwe aliyekuwa ameshafika mlangoni, kwamba mtu huyu sasa anaua sensa hata kwa kuzitazama. Shemeji mishipa ilimsimama. Aliifuta mikono yake polepole, kidole kimojakimoja, akaenda kukaa juu ya tairi.

Mkunga aliniuliza kama ni salama kuliendesha hivyohivyo taa ikiwaka. Nikamwambia ni taa tu, asiijali mpaka sensa ya pili ifike.

Jumatatu, 8 Aprili

Mama mkwe ameniita akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema mashine haina ndugu. Nilijipenda sana kwa sentensi hiyo. Aliirudia polepole, akaangalia mikono yake, akasema nikaendelee na kazi.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa mbili asubuhi simu ya mke wangu ililia. Mkunga yuko mtaroni, kwenye kona ya mteremko. Tairi ya mbele kushoto ilitoka kwenye rimu alipokata kona, gari likajitupa upande wa maji. Alijizuia kwa mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika.

Tulilivuta gari hadi gereji. Mimi na Shemeji tulilisukuma kuliingiza, bega kwa bega, maji yakitutiririka shingoni. Akalitoa gurudumu la mbele kushoto, akaligeuza, akaleta maji ya sabuni. Pembeni mwa kashata za tairi, yale meno yanayokanyaga barabara, kulikuwa na msumari, kichwa chake kimesagika mpaka kinang'aa. Una wiki nyingi mle. Akanyanyuka akanitazama.

"Hii imekuwa ikipoteza upepo mwezi mzima. Mashine yako ilikuwa wapi?"

Na mimi nikamjibu, na nikamshukuru Mungu kwa kuwa na jibu, kwamba mashine ingeona kama yeye asingeiua sensa ya kona hiyo tarehe tatu. Mama mkwe alikuwepo. Nililiona jibu langu likimwingia usoni.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama mkwe amesema. Ufunguo ni wangu. Mwanawe atoke ifikapo Jumatano, na asiondoke na kompresa. Alisema yote hayo akiwa ameangalia ukuta, na alipomaliza aliomba tumwache.

Shemeji ameanza kupanga spana zake kwenye sanduku. Hajapiga mluzi kutwa nzima. Nimeona gereji ni kubwa kuliko nilivyofikiri.

Mke wangu ameniandalia chakula, akakifunika, akaenda kula kwa mama yake.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilitaka ushindi wangu uwe na ushahidi. Niliwaza: Jumatano wakati anatoka, niwe nimeiweka ile sensa mfu juu ya meza, mama mkwe aione aache kuangalia ukuta. Nikafungua droo ya chini. Ninacho kifaa kidogo cha mkononi kinachoamsha sensa. Ukikisogeza karibu, iliyo hai inajibu na iliyokufa inanyamaza. Nikakisogeza ili niione inanyamaza.

Ikajibu.

Betri nzima. Upepo sifuri, kama inavyopaswa kwa kitu kilicholala na panya. Na namba yake. Nikaitazama namba ile, nikachukua karatasi niliyoandikia namba zote nne kutoka kwenye gari la mkunga, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu, midomo ikitembea. Haikuwa namba ya nyuma kulia. Ilikuwa namba ya mbele kushoto.

Nikaenda kwenye gurudumu lenye msumari, bado limeegemea ukuta upande wa kushoto wa mstari. Nikakisogeza kifaa kwenye valvu. Lilijibu kwa jina la nyuma kulia.

Maana yake ni rahisi, hata mimi nimeielewa bila mchoro. Magurudumu yalihamishwa tarehe sita Machi na gari halikuambiwa. Msumari ulikuwa mbele kushoto, gari likaendelea kulia kwamba ni nyuma kulia. Sensa haikudanganya siku hata moja. Nikaichomoa iliyo nzima nikaiita maiti, nikaweka mpya kwa namba isiyo yake, zikawa mbili zinaitika jina moja, moja ikisema ukweli na nyingine ikisema ukweli mwingine. Na ile kona ya vistari viwili haikufa. Ilikuwa kwenye droo yangu.

Kuliambia gari ni kazi ya mashine. Mashine ni yangu.

Nimekaa juu ya tairi ya Shemeji muda mrefu. Ningeweza kuirudisha sensa kwenye droo. Jumatano ni keshokutwa tu.

Jumatano, 17 Aprili

Niliomba tukutane kibarazani kwa mama mkwe kabla sanduku halijabebwa. Tulikuwa watano: yeye, mke wangu, Shemeji, mimi, na mkunga, ambaye mke wangu alikwenda kumchukua kwao. Mkono wake una plasta mpaka karibu na kiwiko. Viatu vyeupe.

Niliweka sensa mezani, kifaa kando yake, nikaeleza. Nilieleza vizuri, hata naweza kusema kwa ufasaha. Nilisema kosa ni langu, Shemeji hakuvunja kitu. Nilisema lazima aliniandikia ubaoni kwamba amehamisha magurudumu, na mimi, kwa ajili ya ugomvi wetu wa kitoto, nilifuta ubao bila kusoma.

Mama mkwe alishusha pumzi. Nikaona njia ya kupita: wazee wawili wajinga, ubao uliofutwa, bahati mbaya. Hata mke wangu alikuwa ameanza kuniangalia.

"Ulisoma, shemeji," akasema Presha.

Nikasema mvua ilikuwa kubwa siku ile, mle ndani giza.

"Nilikuwa chini ya lori. Nilikuona. Ulisimama pale na midomo ilikuwa inatembea." Hakupandisha sauti, na mishipa haikusimama. "Ndiyo maana sikukuuliza tena. Nilijua umesoma, basi umefanya. Kazi yako huwa unaifanya."

Mke wangu aliitazama midomo yangu.

Mkunga aliuliza kama tumemaliza. Akasema mwezi huu alikuwa na wanawake wanne waliokuwa wakimsubiri yeye. Amewaambia waende hospitali ya mbali, na mmoja hana wa kumpeleka. Alisema vile tu. Kisha akamwomba Shemeji amtengenezee gari, yeye, na taa yake pia.

Mama mkwe alinyoosha mkono. Nikatoa ufunguo wa geti mfukoni nikampa, naye akampa mwanawe.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua imekatika. Shemeji hakunifukuza. Ameandika ubaoni kazi za leo, za kwangu tatu, za kwake tano, na chini yake: UKISOMA WEKA ALAMA. Nimeweka alama. Mstari wa chaki bado upo. Hakuna aliyeukanyaga makusudi wala aliyeufuta. Asubuhi nilikwenda kwa yule mwanamke asiye na wa kumpeleka, nikampeleka hospitali. Alinishukuru mno, na sikujua niweke wapi shukrani zile.

Daftari hili lina uongo mmoja, tarehe sita Machi. Naurekebisha hapa, kwa kuwa kibarazani sikujibu.

Ubao ulikuwa na mistari mitatu. *Gari la mkunga. Nimehamisha yote manne, mbele kushoto na nyuma kulia zimebadilishana. Sajili sensa upya kabla halijatoka.* Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyejitahidi. Nilisoma mara mbili. Nikaufuta kwa sababu nilitaka aje aniambie kwa mdomo. Nilitaka avuke mstari wake mwenyewe. Nikajiambia nitalifanya lile gari baadaye, ni kazi ya dakika kumi.

Sikusahau. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Na ile siku taa ilipowaka, kama nilikumbuka ubao? Wakati ule ningekula kiapo kwamba sikukumbuka. Leo siapi.

Lakini saa kumi ile nakumbuka vizuri. Mkunga alikuja na mwavuli, akawasha gari. Mimi nilikuwa karibu yake, mashine mkononi, imewashwa. Shemeji alikuwa anapiga mluzi, na alipofika pale anapokosea alikosea, nikamchukia kwa moyo wangu wote. Nikaizima mashine. Nikaenda kumfungulia mkunga geti, mvua ikinilowesha, nikampungia mkono.